Mabaki ya Kitambaa cha Seremala

Bibi Sindano alikuwa na miaka sabini na minne, meno kumi na moja, na jicho ambalo kijiji kizima kililiogopa. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja wake, kwa sababu alikuwa ameshona nguo tangu usichana, na kwa sababu hakuna kilichojificha ambacho yeye hakukichokoa. Jogoo wa mwalimu mkuu alipopotea, watu walihangaika vichakani siku mbili. Yeye aliingia dukani, akabonyeza mto mpya uliokuwa ukiuzwa, akamuuliza mwenye duka manyoya yale mekundu ameyatoa wapi. Kamba ya kuanikia mashuka ya zahanati ilipokatika na watu wakaanza kutazamana vibaya, aliishika ncha ya kamba akasema haikukatwa, imetafunwa, na mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji alikuwa na nyuzi za nailoni kwenye ndevu. Mwenyekiti hakufurahi, lakini kamba mpya alinunua.

Sifa ni tamu, bwana. Ukishazizoea huwezi kuziacha, na Bibi Sindano alikuwa amezizoea. Ndiyo maana siku ya Jumatatu, cherehani ya kikundi cha akina mama ilipokutwa haipo, hakungoja kuitwa mara mbili.

Chumba cha kikundi kilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja. Kufuli ya mlangoni ilikuwa nzima. Dirisha lilikuwa wazi, na kwenye fremu yake palikuwa na msumari uliotokeza kama kidole. Msumarini paling'ang'ania kipande cha nguo, upana wa vidole viwili, rangi ya kijivu yenye mstari mwembamba mwekundu. Bibi Sindano alikinyofoa taratibu, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa. Nyuma ya akina mama alisimama shemeji yake, Mzee Posta, mikono mgongoni. Huyu alikuwa mume wa marehemu mdogo wake, na katika uchunguzi wote wa Bibi Sindano hakukosekana. Alikuwa amesambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini na moja, kwa hiyo alijua njia na milango ya watu kama Bibi Sindano alivyojua nguo zao.

"Nakijua," Bibi Sindano alisema.

"Una uhakika, bibi?" mwenyekiti aliuliza.

"Hiki ni kitambaa cha aproni ya seremala. Hakiuzwi dukani hiki. Alikileta mwenyewe, lilikuwa pazia la karakana ya marehemu baba yake. Nilimshonea aproni moja, na hakikubaki kitu, hata cha kufutia pua. Dunia nzima kitambaa hiki kiko mahali pamoja tu, kwenye tumbo la seremala."

Watu wakaguna. Kwenye kile kipande zilikuwapo pia nyuzi mbili tatu za rangi ya kaki. Aliziona. Alizipuliza, zikapeperuka.

Na kila kitu kilikaa sawa mno. Wiki iliyopita seremala ndiye aliyekuwa akitengeneza dirisha lile. Siku hiyohiyo akina mama walimkatalia meza aliyowatengenezea, wakasema inacheza. Akakusanya vifaa vyake kwa hasira, akaacha kazi nusu na msumari umetokeza, akasema watamkumbuka. Sasa walimkumbuka. Walimtoa kwenye benchi lake na vumbi la mbao kichwani, wakamfungia kwenye stoo ya ofisi ya mwenyekiti. Nyumba yake ilipekuliwa, cherehani haikuonekana, na hilo nalo likachukuliwa kuwa ushahidi kwamba ameificha vizuri. Askari angefika kutoka mjini Jumanne, saa kumi jioni, kumchukua.

Jumanne asubuhi Mzee Posta alikuja kunywa chai kama kawaida yake, kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba ya Bibi Sindano. Lakini alikuja amevaa suruali nyeusi ya suti.

"Makubwa!" Bibi Sindano alisema. "Suruali ya mazishi siku ya Jumanne! Nani kafa, au shemeji yangu unaoa bila kuniaga?"

"Ile nyingine nimeifua."

"Kufua wewe? Leo mvua itanyesha."

Kwa kawaida hapo angerudishiwa jibu la kumchoma, maana utani wa hawa wawili ulikuwa na umri mkubwa kuliko nyumba nyingi za pale. Mzee Posta hakujibu. Aliketi ukingoni mwa ngazi, akachovya mkate kwenye chai, akausahau humo mpaka ukakatika.

"Watamfanya nini?" aliuliza.

"Watamtia ndani. Miezi sita, au mwaka."

"Ana watoto watatu."

"Angewafikiria kabla hajaingia dirishani."

Mzee Posta alitazama ndani ya kikombe. "Na kama umekosea?"

Bibi Sindano alicheka kicheko cha mtu ambaye hajaulizwa hivyo miaka mingi. "Shemeji, lini nimekosea?"

"Hujawahi," alisema. Akasimama, akaaga, akaacha chai nusu.

Mimi ningekuwa pale ningemwambia Bibi Sindano ageuze shingo amtazame yule mzee anavyotembea. Lakini alikuwa anaosha vikombe huku akiimba.

Saa nne alipiga hodi mke wa seremala. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi na macho mekundu, ila sauti yake ilikuwa imara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Sikai." Alitoa aproni kwenye mfuko, akaiweka juu ya meza ya kukatia. "Jana hukuomba kuiona. Uliona kipande, ukataja mtu, ukaondoka. Mimi nikakaa mlangoni kutwa nzima. Nikasema bibi atakuja, bibi huwa anakagua kila kitu. Hukuja."

Maneno hayo yalimwingia. Bibi Sindano alivuta aproni. Macho yake siku hizi yalikuwa na ukungu, jambo ambalo hakumwambia mtu, lakini vidole vyake vilikuwa vizima. Akaanza kwenye bega la kushoto na kufuata pindo. Ubavuni, chini, ubavu wa pili, mpaka bega la kulia. Pindo lilikwenda bila kukatika, na mwishoni ilikuwapo ile mishono yake mitatu ya kurudi nyuma, bila fundo, kama alivyofundishwa utotoni. Mifuko miwili. Kamba mbili. Madoa ya gundi, alama za penseli. Hapakuwa na tundu, kiraka wala mahali palipopungua hata unyoya.

"Labda alikuwa na nyingine," alisema, na papo hapo akaona aibu, maana alijua anasema nini.

"Nyingine aitoe wapi, bibi? Si wewe uliyesema hakikubaki kitu?" Mke wa seremala alikunja mfuko wake ukawa mdogo kiganjani. "Nilikuwepo siku ile alipokuja kuichukua. Alikuuliza kama kuna kipande kimebaki, hata kidogo. Alitaka kumwekea mtoto wetu wa kwanza, yule mwenye jina la babu yake. Ukamwambia hakuna. Tukarudi nyumbani akasema haidhuru, aproni inatosha."

"Niachie hii aproni," Bibi Sindano alisema. "Saa kumi nitakuwa ofisini."

"Kusema nini?"

"Nitakuwa ofisini, mwanangu."

Hapa inabidi tuseme ukweli kuhusu mafundi cherehani, na wanune wakitaka. Hakuna fundi asiye na gunia la mabaki. Mteja analeta kitambaa, fundi anakata, na kinachobaki hakisemwi. Ukiuliza, kimekwisha. Ukisisitiza, utaambiwa kitambaa chako kilikuwa kifupi, na mwili wako nao si mdogo. Kisha siku moja unakiona kile kipande kwenye kola ya mtoto wa jirani. Mafundi hawauiti wizi, wanauita ufundi. Bibi Sindano alikuwa ameusema uongo huo kwa wateja wengi kiasi kwamba ulikuwa unatoka wenyewe, kama pumzi. Na jana, mbele ya watu wote, aliutoa tena. Safari hii aliuamini.

Alivuta gunia lake kutoka chini ya kitanda, akalimwaga lote sakafuni. Satini, pamba, khanga za zamani, vipande vya sare za shule. Alipiga magoti, magoti yakalia, akatafuta rangi ya kijivu. Haikuwepo. Akachukua futi ya kupimia, akapima aproni, mifuko na kamba. Pazia lilikuwa mita mbili na nusu, hilo alilikumbuka vizuri. Alipiga hesabu mara mbili. Kilikuwa kimebaki kipande kikubwa kama sinia.

"Nilikupeleka wapi?" alikiuliza, kama vile kingejibu.

Kumbukumbu haikumjia kichwani, ilimjia mikononi. Alikumbuka sindano nene, kitambaa kizito juu ya kitambaa kilichochakaa, na kidole chake kilivyouma. Kitambaa kile kilichochakaa kilikuwa laini kama karatasi kwa kulika, na kiling'aa mahali palipokalia kiti cha baiskeli kwa miaka thelathini na moja. Kilikuwa suruali ya kazi, ya kaki. Alikuwa ameishonea kile kipande cha kijivu makalioni kwa ndani, ili kiraka kisionekane, kwa sababu mwenyewe alisema hataki watu wamcheke nyuma.

Bibi Sindano alikaa chini katikati ya vitambaa. Suruali nyeusi ya mazishi siku ya Jumanne! Na zile nyuzi za kaki, ambazo mtoto wa darasa la kwanza angeuliza zimetoka wapi, yeye alizipuliza.

Kisha likamjia wazo, na tusimsafishe, lilimjia kweli. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Gunia lilikuwa lake na uongo ulikuwa wake, na shemeji alikuwa mtu pekee duniani aliyebaki anayelijua jina lake la utotoni. Angeweza kurudisha vitambaa kwenye gunia. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini. Alikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi, halafu akapiga moyo konde, akajitanda, akaiweka aproni kwenye mkoba, akatoka.

Mzee Posta alikuwa chumbani kwake, mlango umerudishwa tu. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, gurudumu la nyuma halina upepo. Juu ya kamba ndani ya nyumba ilining'inia suruali ya kaki, makalio yamechanika kama mdomo. Pembeni mwa kitanda, chini ya shuka jeupe lililopigwa pasi, palikuwa na kitu chenye nundu. Bibi Sindano hakuwa na haja ya kukifunua. Ile cherehani ya mkono ilikuwa ya mdogo wake. Wote wawili walijifunzia hapo, mmoja akizungusha mpini, mwingine akishika kitambaa.

"Umechelewa," Mzee Posta alisema bila kuinua kichwa. "Nilidhani ungefika jana."

"Kwa nini, shemeji?"

"Unaniuliza kwa nini? Kikao cha kubadilisha cherehani, nani aliinua mkono wa kwanza? Wewe. Mpya ya umeme ije, na hii apewe mnunuzi wa vyuma chakavu, Jumatano. Chakavu! Ukainua mkono bila hata kunitazama."

"Mdogo wangu aliitoa mwenyewe kwa kikundi kabla hajafa. Kwa mdomo wake."

"Aliitoa ishonwe nayo. Hakuitoa ivunjwe." Akalinyoosha shuka juu ya cherehani. "Jumapili mchana watu wote walikuwa uwanjani kwenye mpira. Nilipanda juu ya baiskeli, nikaingia. Miaka sabini na saba, shemeji, nimening'inia dirishani kama nguo. Nilitaka niiweke hapa tu. Nilikuwa nitakwambia."

"Na jana?"

"Jana nilisimama nyuma yako, roho mkononi. Nikaona umeshika kile kipande. Nikaona nyuzi za suruali yangu. Nikasema, basi, Bibi Sindano kaniona, imekwisha." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ukasema seremala. Na mimi nikashukuru. Unasikia? Nilishukuru. Toka hapo sijalala."

Bibi Sindano alitaka kumgombeza na alitaka kumshika mkono, akashindwa kuchagua. "Saa kumi askari anakuja. Twende pamoja."

"Siwezi."

"Shemeji."

"Miaka thelathini na moja nimebeba barua za watu. Barua za hela, za mapenzi, za misiba. Haikupotea hata bahasha moja. Mtu akisema Posta, watu wanasema yule haibi. Nikiingia pale leo, nitabaki na nini?"

"Na seremala atabaki na nini?"

Mzee Posta alifunika uso kwa viganja. Saa yake ya mkononi ilionyesha saa tisa kasorobo.

"Basi mimi naenda kusema la kwangu," Bibi Sindano alisema. "La kwako ni lako." Akangoja kidogo mlangoni. Mzee hakunyanyuka, naye akaondoka.

Ofisi ya mwenyekiti ilikuwa imejaa hadi nje. Pikipiki ya askari ilikuwa tayari chini ya kivuli. Seremala alikuwa ameketi sakafuni kando ya mlango wa stoo, vumbi la mbao bado liko nyweleni, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Mke wake alisimama karibu naye na mtoto mgongoni. Bibi Sindano alipita katikati ya watu, nao walimpisha kwa heshima, na heshima hiyo ilimchoma kila hatua.

"Bibi Sindano kaja kutoa maelezo," mwenyekiti alimwambia askari kwa fahari. "Huyu ndiye aliyemgundua."

Aliitandaza aproni juu ya meza, juu ya karatasi za askari.

"Hii ndiyo aproni. Haina tundu. Aliye na macho aangalie, asiye na macho apapase. Kile kipande hakikutoka hapa."

"Lakini jana ulisema mbele yetu wote," mwenyekiti alisema, "ulisema kitambaa kiko mahali pamoja tu."

"Nilisema uongo."

"Uongo wenyewe si wa jana. Ni wa miaka miwili iliyopita. Huyu bwana aliniuliza kama kimebaki kipande cha pazia la baba yake, nikamwambia hakuna. Kilikuwepo. Nilikichukua, kama ninavyochukua vya watu wote. Jana nikawa nimesahau kwamba nilidanganya."

"Na satini yangu je?" sauti ya mama mmoja ilitoka nyuma. "Ile ya arusi ya binti yangu?"

"Na yako, mama. Mkono mmoja na nusu."

Watu wawili wakacheka, wakaona hakuna anayewafuata, wakaacha. Askari alibonyeza kalamu yake. "Sawa, bibi. Hicho kilichobaki ulikishonea nani?"

Hilo ndilo swali alilojua litakuja, na njia nzima alikuwa ameliepuka. Aliahidi kusema lake tu. Akatazama mlangoni. Palikuwa na vichwa vya watu na mwanga wa jua, na hapakuwa na mzee wa suruali nyeusi. Seremala alikuwa amemkazia macho, naye hakuwa akimwomba kitu. Alikuwa anangoja, kama alivyongoja siku ile ya aproni baada ya kuuliza.

"Nikisema simkumbuki?" Bibi Sindano aliuliza.

"Nitaandika hivyo," askari alisema, "na huyu nitaondoka naye, mpaka ukumbuke."

Mke wa seremala alipumua kwa sauti.

"Shemeji yangu," Bibi Sindano alisema. "Mzee Posta. Nilimtilia kiraka cha ndani kwenye suruali ya kaki. Cherehani iko chumbani kwake, pembeni mwa kitanda, imefunikwa shuka jeupe."

Alisema yote, mpaka rangi ya shuka.

Askari alitoka, mwenyekiti nyuma yake, na umati mzima ukamfuata, seremala akiwemo na kamba yake mikononi. Hawakufika mbali. Kwenye kona ya zahanati walimkuta Mzee Posta anasukuma baiskeli, gurudumu la nyuma likijikokota bila upepo, jasho linamtiririka. Kwenye keria, palipokuwa panakaa mfuko wa barua, cherehani ilikuwa imefungwa kwa mpira, bado na shuka lake. Alikuwa amevaa suruali ya kaki iliyochanika, shati lililochomekewa ili kila mtu aone.

Alisimama. Aliwatazama askari, mwenyekiti na watu waliokuja kumchukua, kisha akamtafuta shemeji yake, akamwona.

"Umenitangulia," alisema.

Gurudumu lile lisingetoboka, angefika dakika kumi mapema, akaingia kwa miguu yake na kutoka na jina lake. Au yeye angengoja kidogo. Lakini angejuaje?

Kamba ya seremala ilikatwa palepale barabarani. Askari alimuuliza kama ana madai, akasema anataka kwenda nyumbani kuoga. Akina mama walisema cherehani imerudi, yaishe. Mzee Posta aliandika maelezo yake kurasa mbili, kwa mwandiko safi, akaweka sahihi. Jumatano mnunuzi wa vyuma alikuja kama alivyopangiwa, akaipakia cherehani pamoja na majembe mabovu na mabomba. Gari lilipopita, Mzee Posta alikuwa amesimama mlangoni kwake. Bibi Sindano alimwona kwa mbali, hakuthubutu kumsogelea.

Wiki mbili ngazi ya nyuma ilikaa na mtu mmoja. Wateja nao walipungua, na waliokuja walisimama karibu na meza wakimtazama anavyokata, kisha wakanyoosha mkono kudai kilichobaki. Mwalimu mkuu alipopotelewa na redio, hakumwita.

Siku ya kumi na tano Mzee Posta alitokea asubuhi na kitu kimeviringishwa kwenye gazeti. Akakiweka kwenye mapaja ya Bibi Sindano. Ilikuwa suruali ya kaki.

"Fumua hicho kitambaa cha watu. Kipeleke kwa mwenyewe." Akaketi. Akaonja chai. "Hii haina sukari."

"Sukari iko mezani. Huna mikono?"

"Mikono ninayo. Wewe huna adabu."

Bibi Sindano aliinamia suruali ili asimwonyeshe machozi. Alifumua mshono mmoja mmoja, mpaka kipande chote kikatoka, na kona iliyochanika akaishonea kile kijipande cha msumarini, ambacho askari alikiacha mezani. Akakifua, akakipiga pasi, akakikunja.

Seremala alikuwa karakanani anapiga randa. Alimwona, hakuacha kazi mpaka ubao ukaisha.

"Nimekuletea chako," Bibi Sindano alisema.

Alikipokea, akakikunjua, akakitazama mbele na nyuma. Kidole chake kilisimama pale kijipande kiliposhonewa. "Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Kimebaki kingine?"

"Hakuna, mwanangu. Ndicho chote."

Seremala alisimama tu na kitambaa mkononi, anamtazama, na kutazama kwenyewe kulichukua muda. Ndipo Bibi Sindano alipoelewa. Akafungua mkoba wake, akatoa mkasi, futi ya kupimia, kitambaa cha mkononi na miwani ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu, akavipanga kwenye benchi. Kisha akaupindua mkoba ndani nje, akaukung'uta mbele yake.

Seremala aliinama akaangalia hadi pembeni kwenye mishono. Aliporidhika, akamrudishia, akashika randa yake.